Pazia la Kitanda cha Saba

Jumatatu, Machi 2

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na imekuja na muuguzi mpya. Nimechukua daftari hili la mwanangu, aliloandika hesabu kurasa mbili akalitupa, ili niandike ninayoyaona wodini kwa tarehe na saa. Sitaki tena kuja kuambiwa, "Mbona hukusema?" Mwaka juzi niliona mtu na chupa ya mafuta akizunguka vitandani, nikajisemea labda ni ndugu wa mgonjwa, nikanyamaza. Binti wa kitanda cha tatu akaacha dawa kwa sababu ameambiwa ameshapona. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mimi ndiye niliyemfumba macho. Tangu siku hiyo mambo ya dini ni marufuku katika wodi yangu. Mwenye kuombewa akaombewe kwao.

Muuguzi mpya ni mwembamba na anaongea kwa sauti ya chini mpaka umsogelee. Metroni anasema ametoka wodi ya wagonjwa wasiopona, na huko wanamsifu sana. Kama wanamsifu hivyo, mbona wamemwachia? Nimemuuliza Metroni hivyo hivyo. Akacheka, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Haya, tutaona atakayepona.

Jumatano, Machi 4

Saa nne asubuhi amevuta pazia la kitanda cha pili. Hapa kwetu pazia huvutwa kwa mambo matatu: kumwogesha mgonjwa, kumwekea mpira wa mkojo, au mtu amekata roho. Wodi nzima ilinyamaza ghafla. Nikaenda roho juu, nikalifungua. Amekaa kwenye kiti, mikono mitupu, mgonjwa anaongea.

"Unafanya nini hapa?"

"Namsikiliza, Sista."

"Una wagonjwa kumi na mmoja. Kusikiliza kumeandikwa wapi kwenye ratiba?"

Akasimama, akaniomba radhi, akaenda kubadilisha dripu. Hakujieleza hata kidogo. Mtu asiye na la kuficha hujieleza, tena mpaka umwambie basi. Nimempa jina, Bi Pazia, na mpaka saa nane mchana hata wafagiaji walikuwa wanamwita hivyo.

Alhamisi, Machi 5

Mvua. Mapazia mawili. Dakika kumi na nane, kisha dakika ishirini na mbili.

Jumapili, Machi 8

Nimemsimulia baba watoto wakati nakunja nguo. Akasema, "Mke wangu, wewe hata kivuli chako kikikufuata unakiuliza kimetumwa na nani." Nikamwambia acheke tu, simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Akasema basi yule muuguzi na ajihadhari, maana mimi ninanguruma na bado nakula. Mwanaume huyu ataniua kwa maneno yake.

Jumatatu, Machi 9

Wameleta mgonjwa kitanda cha saba. Ni mwanamke wa miaka sitini na tatu, fundi cherehani, mjane, ana sukari ya miaka mingi. Alijichoma sindano ya cherehani iliyoanguka chini, hakuisikia, akaendelea kushona wiki mbili kidonda kikiwa ndani ya kandambili. Sasa vidole vitatu vya mguu wa kulia ni vyeusi, na harufu yake hata dirisha wazi haliisaidii. Aliyemleta ni mwanawe, dereva wa lori mwenye kitambi, anayeongea kama anapigia simu ng'ambo ya mto. Mimi mwenyewe nimemjazia fomu, haraka haraka, kwa kuwa paa linavuja juu ya meza yangu na karatasi zilikuwa zinalowa.

Wote wanamwita Mama Fundi. Nilipomwekea kipimajoto akaniambia, "Sista, ulivyonikazia macho, hata homa itaogopa kupanda." Nilijizuia nisicheke.

Jumanne, Machi 10

Daktari wa upasuaji amepita. Hana maneno mengi, na hilo nampendea. Aliweka kidole kwenye muundi wa Mama Fundi, chini ya goti, akasema, "Tukikata hapa wiki hii au Jumatatu ijayo, goti linabaki, na mwenye goti lake hutembea vizuri na mguu wa bandia. Tukichelewa, sumu ikapanda, nitakata juu ya goti. Tukichelewa zaidi ya hapo, mama yangu, sitakuwa na cha kukata."

Mama Fundi akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekuelewa, mwanangu. Nipe siku chache. Kuna jambo langu halijakaa sawa."

Jambo gani, mtu anaoza? Nikamwekea fomu ya ridhaa mezani na kalamu juu yake.

Jumatano, Machi 11

Saa tano na dakika kumi, pazia la kitanda cha saba. Nilijua tu! Nikasogeza toroli la dawa karibu, nikajifanya nahesabu vidonge. Nikasikia Mama Fundi: "Usimwambie mtu. Hata mwanangu, atanicheka." Bi Pazia akajibu, "Siri yako ni yangu, mama." Kisha nikasikia mkasi. Mkasi! Unakata kitu gani kitandani kwa mgonjwa ambaye bendeji yake nimeifunga mwenyewe asubuhi?

Dakika thelathini na tano. Alipotoka alikuwa na kitu cheupe amekikunja na kukibana kwapani. Akakifungia kwenye kabati lake.

Alhamisi, Machi 12

Mama Fundi amekataa tena kutia sahihi. "Bado kidogo," anasema, huku anatabasamu, na mguu unanuka.

Mimi ndiye mkuu wa wodi na funguo za akiba za makabati ninazo. Saa ya chakula nimefungua kabati la Bi Pazia. Najua, najua, lakini kama mwaka juzi ningekagua mkoba wa yule mtu wa mafuta, kuna binti angekuwa na miaka ishirini na moja leo. Nimekuta kitambaa cheupe kipya, urefu wa mikono miwili, kimekunjwa pindo pande zote kwa mkono, mshono mdogo mdogo wa kifundi. Hakuna kingine, hata kitana. Nimekirudisha kilivyokuwa. Kitambaa cheupe ni cha nini kama si mambo ya kuombea?

Ijumaa, Machi 13

Leo nimeona kwa macho yangu. Mvua ilikatika kama saa saba, nikapita nyuma ya jengo, kwenye tanuri la kuchomea taka. Bi Pazia alikuwa amesimama na yule mzee anayechoma. Kila kinachokatwa chumba cha upasuaji huishia mikononi mwa mzee huyo, pamoja na pamba na sindano. Nikajibanza kwenye ukuta. Nikamsikia Bi Pazia akisema, na mara hii sauti yake haikuwa ya chini: "Huo usiuchome. Nitaupokea mwenyewe mkononi." Mzee akasema, "Mpaka karatasi iwe na sahihi ya mkuu wa wodi." Akajibu, "Hiyo ndiyo inayonipa taabu."

Kila mtu amewahi kusikia habari za watu wanaotafuta viungo vya binadamu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Na sahihi yangu inampa taabu! Aipate wapi?

Jumamosi, Machi 14

Nimeandika kurasa mbili kwa Metroni. Pazia, siri, mkasi, kitambaa, tanuri. Tarehe na saa zote. Metroni akazisoma mara mbili, akavua miwani. "Umemuuliza mwenyewe?" Nikamwambia mwizi haulizwi, anashikwa. Akahema, akasema atamhamisha wakati uchunguzi unaendelea.

Nimelala mchana usingizi mzito. Sijalala hivyo tangu mvua ianze.

Jumatatu, Machi 16

Bi Pazia ameitwa ofisini saa mbili, saa mbili na nusu ametolewa. Amepelekwa kwa wagonjwa wa nje, haruhusiwi kukanyaga wodi yangu. Nilisimama mlangoni anapokusanya vitu vyake. Hakulia, hakubisha. Alinitazama tu, akasema, "Sista, mimi nimeahidi kutosema. Lakini nakuomba, muulize Mama Fundi anataka nini. Leo. Usingoje kesho."

Nikamwambia asinifundishe kazi.

Mama Fundi alikuwa amechana nywele, fomu iko magotini, kalamu mkononi. Akauliza muuguzi wake yuko wapi. Nikasema amehamishwa. "Na nani?" Nikasema na ofisi. Akaitazama fomu, akairudisha mezani bila kuandika, akageukia ukutani.

Unaona? Nilimwahi yule muuguzi, ila keshamroga mama wa watu akili.

Jumanne, Machi 17

Mvua usiku na mchana. Joto la Mama Fundi 38.2. Amekataa kusaini.

Jumatano, Machi 18

Amekataa. Ndoo tatu sakafuni.

Alhamisi, Machi 19

Nimemfokea. Nilimwambia, "Mama, utakufa!" Akanijibu kwa upole, "Kufa nakujua, Sista. Siogopi kufa." Ndipo ikanijia kwamba tangu Jumatatu hajanitania hata mara moja.

Ijumaa, Machi 20

Kidole cha nne nacho cheusi. 38.7.

Jumapili, Machi 22

Baba watoto aliniuliza kwa nini sili. Nikamweleza kuwa nimemwondoa mchawi na mgonjwa bado hajapona. Nilitegemea atanitania. Akasema tu, "Na huyo mama anasemaje?" Nikasema hasemi kitu. "Umemuuliza?" Ni mtu wa tatu kunisemea neno hilo. Nikamjibu vibaya, akanyanyua sahani yake akaipeleka jikoni mwenyewe.

Jumatatu, Machi 23



Asubuhi daktari alifungua bendeji, akaifunga tena bila kusema. Akanivuta kando. "Chini ya goti pameshapita. Sasa ni juu ya goti, na kama si kesho, usiniite tena." Weusi umepanda hadi kwenye muundi, pale pale alipoweka kidole siku ile.

Nilichukua faili la Mama Fundi nitafute namba ya mwanawe. Fomu ya kumpokea ndiyo iko juu. Nikaiona mistari niliyoijaza mwenyewe. Mzio wa dawa: hakuna. Upasuaji wa zamani: hakuna. Mahitaji ya kiroho: hakuna. Nikajiuliza nilimuuliza lini. Sikumuuliza. Nikavuta faili la kitanda cha nane: hakuna. La tisa: hakuna. Nikafungua kabati la mafaili ya mwaka jana, na mwaka juzi, nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Mwandiko wangu, na wa wenzangu, hakuna, hakuna, hakuna. Tumewajazia watu wote mstari huo bila kuwatazama usoni, kwa sababu unafuata baada ya mizio na mkono umeshazoea. Hata binti wa kitanda cha tatu niliandika hakuna. Kumbe alikuwa na haja kubwa ya mtu wa kuongea naye kuhusu Mungu, na aliyekuja ni yule wa chupa, kwa sababu sisi hatukuuliza.

Nilikwenda kitanda cha saba. Nikavuta pazia. Wodi ikanyamaza. Nikakaa kwenye kiti, na sikujua mikono niiweke wapi.

Nikasema, "Mama, nimekuja kukuuliza. Unataka nini?"

Alinitazama, anapima kama ni mtego. Ningemlaumu vipi? Kisha akasema, "Wanapoukata, wanaupeleka wapi?"

Nikamwambia kweli, kwamba unachomwa na taka za wodi.

"Mwanamke wa kitanda cha sita aliniambia hivyo siku niliyofika. Mguu huu, Sista, umekanyaga cherehani miaka arobaini. Umesomesha watoto. Mungu alinipa mzima, na siku akiniita anikute nimeutunza, nisiwe niliutupa kwenye sindano na pamba chafu. Nataka uzikwe karibu na mume wangu, uningoje pale. Ni hilo tu. Najua ninyi mliosoma mtacheka."

"Sicheki, mama."

"Yule muuguzi ndiye aliyeniuliza. Siku ya tatu tu hapa, akakaa hapo ulipokaa, akaniuliza kuna nini kinachonizuia. Mimi nikashona kitambaa cha kuuvika, yeye akaniwekea, nikamwambia asiseme mpaka karatasi iwe tayari, mwanangu asije akafanya mzaha. Alikuwa amebakiza sahihi yako. Aliniambia Jumatatu atajipa moyo akuombe, hata kama utamla mzimamzima. Na mimi nikamwambia, siku hiyo na mimi nitatia sahihi yangu."

Jumatatu. Alikuwa na kalamu mkononi. Nilimwona nayo kwa macho yangu mawili.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, naandika hivyo hivyo. Nilitaka kumwambia pale pale nani alimwondoa yule muuguzi, na nikaogopa kwamba akijua atakataa kutia sahihi, atakufa. Au hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Nikamwambia, "Mguu wako utazikwa, mama. Nitaupokea mimi." Akaomba kalamu.

Nilikwenda kwa wagonjwa wa nje bila mwavuli. Bi Pazia alikuwa anapima mapigo ya mtu. Nikamwambia naomba kitambaa. Hakuuliza kitu, akanipa. Nikamwambia na samahani. Akasema, "Samahani yako nimeisikia, Sista. Lakini sasa niache kwanza, nina foleni." Nilistahili zaidi ya hapo.

Jumanne, Machi 24

Upasuaji saa tatu. Nilisimama mlangoni na kitambaa. Waliponipa mguu nilishtuka kwa uzito wake. Miaka ishirini na sita ya kazi na sikuwahi kuubeba mguu wa mtu. Niliuosha, nikauvika, nikaukabidhi kwa mwanawe pamoja na karatasi niliyoisaini. Yule dereva wa lori mwenye sauti kubwa aliupokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto mchanga. Hakufanya mzaha wowote. Wameuzika saa tisa, kwenye mvua.

Mama Fundi yuko hai.

Jumamosi, Machi 28

Homa imeshuka. Kidonda kisafi. Nimemwandikia Metroni kurasa tatu kuzikana zile mbili. Amesema uchunguzi utafungwa, ila barua yangu ya kwanza itabaki kwenye faili la muuguzi yule, ndiyo taratibu. Nimeomba na ya pili ikae juu yake.

Alhamisi, Aprili 2

Amerudi wodini. Nimewakataza watu kumwita Bi Pazia. Akasema jina halimsumbui, wamwite tu. Mimi linanisumbua. Ananipa salamu, ananipa taarifa ya zamu, basi. Mstari ule wa fomu sasa tunauuliza. Ni kazi. Leo mtu mmoja kaniambia haja yake ya kiroho ni kwamba jirani yake aache kukoroma.

Jumapili, Aprili 5

Mvua inapungua. Mama Fundi kaanza kunitania tena, na kila akinitania kitu kinanichoma. Sijamwambia.

Jumatano, Aprili 8

Nimemwambia. Nilivuta pazia nikasema yote, bila kujitetea: mkasi, kabati, tanuri, barua. Nikamwambia, "Ofisi haikumwondoa. Ni mimi. Siku nane zile nilizichukua mimi, na goti lako limekwenda nazo."

Nje matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati, moja moja.

"Daktari anadhani goti nililitaka la kutembelea," alisema mwishowe. "Mimi kutembea nimetembea vya kutosha. Goti nililitaka la kusalia. Tangu nikiwa mtoto sijawahi kusali nimekaa. Usiku, mume wangu akiwa hai, akiwa maiti, siku ya harusi ya mwanangu, nimepiga magoti. Sasa kila asubuhi nikiamka nalitafuta, silioni."

Nililia mbele ya mgonjwa, jambo ambalo huwa nawakemea wasichana wa mafunzo wakilifanya.

Hakunibembeleza. Akasema, "Unasali, Sista?"

"Niliacha."

"Sikuulizi ili nikuhubirie. Nauliza kama utaona vibaya." Akasukuma shuka, akanyoosha mkono. "Lisilo na dawa tutalifanyaje? Mpaka siku nitakayotoka hapa, goti langu la kulia ni wewe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya zamu. Tuanze sasa hivi, nishike."

Nilipanda kitandani na sare yangu. Akapiga goti la kushoto juu ya godoro, mimi nikapiga magoti upande wake wa kulia, nikamshika kiunoni, uzito wa upande ule wote ukaniegemea begani. Ni mzito kuliko anavyoonekana. Alisali kwa sauti ya chini, muda mrefu, na mimi sikusema neno, nilikaza mgongo asianguke. Nilisikia akitaja mwanawe, na yule muuguzi, na marehemu wake. Mwishoni akanitaja na mimi, akamwomba Mungu asinihesabie zile siku nane, kwa kuwa yeye bado anazihesabu.